VO2 ya mkimbiaji katika mazoezi ya vipindi: namba inapotokea na inapopotelea

Jijini Nairobi, mkimbiaji wa kilo 56 anapiga mita 1,000 mara tano, kila moja kwa dakika 2 na sekunde 50, akipumzika dakika mbili katikati. Amevaa barakoa na amefungwa mgongoni kifaa cha kuchanganua gesi. Mwishoni mwa marudio ya tatu skrini inaandika VO2, yaani oksijeni anayotumia, ya 86: mililita 86 kwa kilo kwa dakika. Kocha anaanza kuota medali. Namba halali ya zoezi hilo ni 69 hivi. Mashine ni nzima na kijana hajafanya hila yoyote. Aliyeiandaa mashine alijaza presha ya hewa aliyoisoma kwenye simu.

Mazoezi ya vipindi hukuza makosa ambayo mwendo wa taratibu huyavumilia. Mtu akikimbia kilomita 12 kwa saa kwa dakika sita, mwili hutulia, na hata mashine yenye kasoro ndogo hutoa jibu linaloridhisha. Kwenye vipindi pumzi hufika 60 kwa dakika, hewa inayotoka huzidi lita 150, jasho na mate hujaa kwenye barakoa, na matumizi ya oksijeni hayakai mahali pamoja hata sekunde 30. Kwa hiyo kabla ya kujadili kama kijana ameimarika, inabidi ujue namba yenyewe imepikwaje.

Hesabu iliyo ndani ya namba

Hakuna mashine inayoiona oksijeni ikiingia kwenye misuli. Inachopima ni ujazo wa hewa, asilimia ya oksijeni iliyobaki kwenye hewa iliyotolewa, na asilimia ya kabonidioksaidi. Yaliyobaki ni hesabu.

Hewa kavu ya nje ina oksijeni asilimia 20.93 na kabonidioksaidi takriban 0.04. Iliyobaki, 79.03, ni naitrojeni pamoja na gesi nyingine ambazo mwili hauzigusi. Uwiano huu ni ule ule Mombasa, Nairobi na Iten. Kinachopungua ukipanda ni presha. Na kwa kuwa naitrojeni iliyoingia ndiyo itakayotoka, ukijua ujazo wa hewa iliyotolewa unaweza kukokotoa ujazo uliovutwa bila kuupima. Huo ndio msingi wa hesabu inayoitwa ya Haldane.

Tumrudie kijana wetu. Anatoa lita 150 za hewa kwa dakika, ikiwa na joto la mwili na imejaa mvuke. Ikigeuzwa kuwa hewa kavu ya nyuzi 0 kwenye presha ya kawaida ya usawa wa bahari, lita hizo 150 zinakuwa takriban 100. Ndani yake oksijeni ni asilimia 17.0 na kabonidioksaidi 4.2, hivyo naitrojeni ni 78.8. Hewa aliyovuta ni 100 × 78.8 ÷ 79.03, sawa na lita 99.7, ambayo ilibeba lita 20.87 za oksijeni. Zimetoka lita 17.0. Amebaki na lita 3.87 kwa dakika. Gawanya kwa kilo 56 upate 69.

Sasa vuruga kitu kimoja. Kihisi cha oksijeni kikisoma 17.1 badala ya 17.0, jibu linashuka hadi lita 3.74, yaani zaidi ya asilimia 3 zimepotea kwa kosa la sehemu moja ya kumi ya asilimia. Kosa la ujazo halikuzwi hivyo, lakini hupita moja kwa moja: kipimo cha hewa kikipungua kwa asilimia 3, VO2 nayo inapungua kwa asilimia 3. Kiwanda kikikuambia kihisi chake kina usahihi wa 0.1, hiyo si namba ya kuipuuza.

Presha ya Nairobi

Kule kugeuza lita 150 kuwa 100 ndiko namba nyingi za Nairobi zinakopotelea. Kanuni ni hii: chukua presha halisi ya mahali ulipo, toa presha ya mvuke, gawanya kwa 760, kisha zidisha kwa 273 juu ya 273 ukijumlisha joto. Kwa hewa ya mapafu joto ni nyuzi 37 na mvuke ni milimita 47 za zebaki. Karibu na mita 1,700 juu ya bahari presha ni takriban hektopaskali 830, ambazo ni milimita 622 za zebaki. Basi (622 − 47) ÷ 760 × 273 ÷ 310 inatoa 0.666.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu haikuonyeshi 830. Inakuonyesha 1,015 au zaidi, kwa sababu watu wa hali ya hewa huishusha presha ya kila kituo hadi usawa wa bahari ili ramani zilingane. Kwa rubani na mtabiri wa mvua huo ni utaratibu mzuri. Kwa mpima oksijeni ni balaa: ukijaza 760 kizidishi kinakuwa 0.826 badala ya 0.666, na kila VO2 utakayopima inapanda kwa asilimia 24. Hapo ndipo 69 inageuka 86.

Ndani ya eneo la Nairobi presha halisi huwa takriban kati ya hektopaskali 810 na 850, chini upande wa Karen na juu upande wa mashariki unaoteremka. Ukiona 860 kwenda juu, simama utafute kosa. Kila mita 100 za mwinuko hupunguza hektopaskali 10 hivi, zaidi kidogo ya asilimia 1, kwa hiyo kutumia presha ya Kasarani ukiwa Karen si jambo dogo. Kupanda na kushuka kwa siku moja, kinyume chake, ni hektopaskali chache tu, na hakuna haja ya kukosa usingizi. Baadhi ya simu zina kihisi cha presha ndani. Tafuta programu inayoonyesha usomaji ghafi, kisha uulinganishe na kipimapresha kizuri angalau mara moja. Halafu angalia kipimo: mashine inayotaka milimita za zebaki ikipewa 830 haitalalamika. Hektopaskali zidisha kwa 0.75 upate milimita.

Mvuke nao hufanya fujo kimyakimya. Ile 20.93 ni ya hewa kavu. Chumba chenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60 kina mvuke wa milimita 12, na kwa presha yetu ndogo hiyo ni karibu asilimia 2 ya hewa yote, hivyo oksijeni halisi humo ni 20.5. Mashine nyingi huepuka hili kwa kupitisha sampuli kwenye mrija maalumu unaotoa unyevu. Mrija huo ukilowa kwa nje, ukazeeka au ukafunikwa na tepu, haukaushi tena, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Uanikwe baada ya kila kikao, na uwe na wa akiba.

Kuna jambo jingine kwa wanaobeba kifaa kwenda kambini. Vihisi vingi vya oksijeni, hasa vile vidogo vya kikemikali vinavyokwisha kama betri, haviioni asilimia. Vinaona presha ya oksijeni, ambayo Nairobi ni milimita 130 hivi ilhali pwani ni 159. Ukisawazisha kifaa (kukilinganisha na gesi unayoijua) Nairobi asubuhi, ukapanda nacho hadi Iten kwenye mita 2,400, usawazishaji ule haufai tena. Rudia kila kitu ukifika, kifaa kikishazoea joto la hapo.

Saa, sekunde na dirisha la wastani

Mguu ukianza kuchapa, misuli inahitaji oksijeni papo hapo, ila kinachoonekana mdomoni huchelewa. Sekunde 15 hadi 20 za kwanza huonyesha zaidi damu inayosukumwa haraka kwenye mapafu. Kisha matumizi hupanda kwa mkunjo: kwa mkimbiaji aliyeiva, takriban theluthi mbili za safari huisha ndani ya sekunde 15 hadi 20, na ni baada ya muda kama huo mara nne ndipo anakaribia kilele. Mtu asiye na mazoezi huchukua mara mbili ya hapo. Mwendo ukiwa juu ya kizingiti cha lakteti, yaani pale lakteti inapoanza kujikusanya kwenye damu, baada ya dakika mbili au tatu huja mpando mwingine wa polepole ambao hautulii.

Kwa hiyo mita 200 za sekunde 31 haziwezi kukuonyesha kilele, hata mashine iwe ya bei gani. Mita 400 za sekunde 66 zinafika mlangoni tu. Mita 1,000 zinakupa dakika moja na nusu hivi ya data yenye maana. Na marudio ya kwanza si ndugu wa marudio ya nne: dakika mbili za mapumziko hazitoshi kuirudisha oksijeni chini kabisa, hivyo marudio ya baadaye yanaanzia juu na kufika mapema. Ukichanganya yote matano katika wastani mmoja unapata namba isiyoeleza marudio yoyote.

Kasoro kubwa iko kwenye dirisha la wastani. Programu nyingi huja zimepangwa kutoa wastani wa sekunde 30 zikihesabu tangu ulipobonyeza kitufe cha kuanza. Fikiria zoezi la sekunde 30 kwa kasi na sekunde 30 za kukimbia polepole, ambalo Véronique Billat wa Ufaransa alilichunguza sana. Dirisha likianza sekunde ya 15 ya kipindi cha kasi, nusu yake ni kazi na nusu ni mapumziko. Toa data ya pumzi kwa pumzi, ifungie kwenye mwanzo wa kila marudio, kata vipande vya sekunde 10 au 15, kisha unganisha marudio yanayofanana. Kuyumba kwa pumzi moja moja (mtu amemeza mate, amekohoa, amevuta nusu pumzi) hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: marudio manne yakiunganishwa, kuyumba kunabaki nusu. Pumzi iliyo mbali na jirani zake kwa zaidi ya mikengeuko sanifu minne hutolewa, na kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuona matokeo. Urefu wa dirisha nao uandikwe, maana dirisha fupi kwa kawaida hutoa kilele cha juu zaidi.

Ndani ya mashine kuna ucheleweshaji mwingine. Feni ndogo kwenye barakoa hupima hewa papo hapo, lakini gesi lazima isafiri kwenye mrija mwembamba hadi kwenye kihisi. Programu huirudisha nyuma ishara ya gesi ili ilingane na pumzi yake. Mtu aliyekaa, anayepumua mara 15 kwa dakika, hutoa pumzi kwa sekunde mbili hivi. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kitu kidogo. Kwa pumzi 60 kwa dakika, kutoa hewa kunachukua nusu sekunde, na kosa lile lile sasa ni sehemu moja ya tano. Ndiyo maana kifaa kinafaulu jaribio la kitini na kufeli uwanjani. Mrija ukikunjwa begani, kichujio kikiingia maji, au pampu ikichoka, ucheleweshaji hubadilika katikati ya zoezi. Dalili: mwendo ni ule ule, lakini VO2 inaelekea upande mmoja kila kasi ya kupumua inapopanda. Asubuhi za Julai, uwanja ukiwa na nyuzi 12, matone ndani ya mrija ndiye mshukiwa wa kwanza.

Mashine zenye chemba ya kuchanganyia hewa hazina ugonjwa huu, ila zina wake. Chemba ya lita 5 husafishwa kwa sekunde 3 hivi hewa ikipita kwa lita 100 kwa dakika, na kwa sekunde 7 au 8 kwa lita 40. Ucheleweshaji unategemea pumzi yenyewe, na wakati wa mapumziko mkunjo wa kushuka utaonekana mvivu kuliko ulivyo.

Mfuko wa kukusanyia hewa inayotolewa, aliouelezea mwanafiziolojia C. G. Douglas mwaka 1911, na ambao watafiti A. V. Hill na Hartley Lupton waliutumia Uingereza miaka ya 1920, Hill mwenyewe akiwa miongoni mwa waliopimwa wakikimbia, bado ni mwamuzi mzuri. Kwenye tredimili fungua mfuko sekunde 40 za mwisho za marudio ya tatu na ya nne. Anza na umalize mwishoni mwa kutoa pumzi, na uhesabu muda halisi wa pumzi kamili. Sekunde moja iliyokosewa kati ya 40 ni asilimia 2.5. Changanua ndani ya dakika chache, kwani kabonidioksaidi hupenya kwenye mfuko. Hapa joto la kutumia kwenye hesabu ni la hewa iliyo ndani ya mita ya gesi, si 37.

Barakoa

Uvujaji mwingi uko kwenye mgongo wa pua na chini ya kidevu. Ziba tundu la kutolea hewa kwa kiganja, mwambie atoe pumzi kwa nguvu, na upitishe vidole vilivyolowa pembeni mwa barakoa, hewa utaisikia. Nyuso nyembamba huhitaji saizi ndogo kuliko unavyodhani, na mikanda ikazwe tena baada ya kupasha mwili, jasho likishatoka. Usitegemee RER, ule uwiano wa kabonidioksaidi na oksijeni, ikuonyeshe uvujaji. Hewa inayotorokea pembeni ina asilimia zile zile, kwa hiyo oksijeni na kabonidioksaidi zinapungua pamoja na uwiano unabaki mzuri wa kupendeza. Katika vipindi RER huvuka 1 na kupanda zaidi sekunde za kwanza za mapumziko; hilo ni la kawaida. Inafaa kwa uchunguzi wakati wa mwendo mwepesi tu, ambapo 0.80 hadi 0.95 ni sawa na 0.65 ni ishara kwamba kihisi kimoja kinasema uongo.

Kwa kilomita 21 kwa saa mkimbiaji anajitengenezea upepo wa karibu mita 6 kwa sekunde. Kifuniko cha upepo cha feni kisiachwe kwenye mkoba.

Kabla ya kukimbia

Washa mashine dakika 45 mapema, au zaidi kama kitabu chake kinasema hivyo. Ndani ya jengo, weka UPS, ile betri ya akiba: stima ikikatika kwa sekunde tano tu, kihisi cha zirkonia, kinachofanya kazi kwa mamia ya nyuzi za joto, kinapoa na itabidi usubiri upya. Usikubali kuendelea na usawazishaji wa kabla ya stima kupotea.

Mashine isawazishwe kwa hewa ya nje kweli. Chumba kidogo chenye watu watano na madirisha yaliyofungwa hupandisha kabonidioksaidi hadi asilimia 0.1 au 0.2 bila mtu kuhisi, na mashine inaambiwa hiyo ni 0.04. Toa mrija dirishani. Kisha tumia mtungi wa gesi wenye oksijeni asilimia 16 na kabonidioksaidi 4 au 5, uliopimwa na kuthibitishwa. Thamani za kujaza ni zile za cheti, si zilizochapwa kwenye katalogi. Kwa ujazo, sirinji ya lita 3: sukuma taratibu, wastani na kwa kasi, kwa sababu feni inayosoma vizuri polepole inaweza kuteleza kwa kasi. Tofauti ikizidi asilimia 2 kati ya kasi hizo, osha feni, ikaushe, rudia. Baada ya zoezi pitisha gesi ya mtungi tena. Oksijeni ikiwa imehama kwa 0.1, unajua tayari imekugharimu nini.

Tredimili nayo ipimwe mtu akiwa juu yake: weka alama kwenye mkanda, hesabu mizunguko 20, zidisha kwa urefu wa mkanda. Uwanjani, koni kila mita 100 zinaaminika kuliko saa ya GPS kwenye kona. Na vyombo vyote vifuate saa moja. Piga filimbi na ubonyeze alama kwenye kifaa kila marudio yanapoanza.

Je, namba inaaminika?

Kukimbia kwenye tambarare hugharimu takriban mililita 200 za oksijeni kwa kilo kwa kilomita, na wakimbiaji wenye mwendo wa kubana matumizi hushuka hadi 180. Kwa kilomita 12 kwa saa tegemea kati ya 36 na 42. Kijana wetu kwa 69 anatumia 195 kwa kilomita, inakubalika. Kwa 86 angekuwa anatumia 244, na mtu wa namna hiyo hakimbii mita 1,000 tano kwa muda ule. Hesabu hii ya nusu dakika ingeliokoa zoezi zima.

Chukua pia mtu mmoja wa maabara, mwenye uzito usiobadilika, umkimbize dakika sita kwa kilomita 12 kwa saa kila wiki na uchore namba zake. Mstari wake ukihama, mashine imehama.

Kuhusu kulinganisha: VO2 max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mtu anaweza kutumia, hushuka kwa mwinuko, kwa kadirio la asilimia 6 hadi 8 kwa kila mita 1,000 na zaidi kwa baadhi ya wakimbiaji wa kiwango cha juu. Kwa hiyo 69 ya Nairobi isiwekwe kando ya 73 ya Mombasa bila kuandika mwinuko na presha. Na kwa mtu yule yule mahali pale pale, kama kipimo chako hutofautiana asilimia 3 siku hadi siku, vipimo viwili vinaweza kuachana hadi asilimia 8 bila chochote kubadilika mwilini. Ukipima mara mbili kabla ya msimu na mara mbili baada, kiwango hicho kinashuka hadi 6. Kupanda kutoka 69 hadi 71 ni asilimia 3 tu. Kipime tena wiki ijayo kabla ya kubadilisha programu ya mazoezi.